Kompyuta ya Zamani Iliyoongezwa Mwendo, na Video Zinazoharibika

Ndugu zetu wasomaji, swali la mwezi huu limetufikia zaidi ya mara moja, kwa maneno mbali mbali lakini maana yake ni moja. Kijana wa nyumba ana kompyuta ya mezani ya zamani. Alipoiona yachechemea katika kuonyesha video, akaingia katika mipangilio yake ya ndani akaiongeza mwendo kupita kipimo ilichotoka nacho kiwandani. Siku za mwanzo akafurahi. Kisha video zikaanza vituko: mara picha imeganda na sauti yaendelea, mara uso wa msemaji umepasuka miraba ya kijani na ya waridi, mara kioo chote kimekuwa cheusi na kompyuta imejizima na kujiwasha yenyewe. Sasa kijana auliza: ubaya u katika video, u katika intaneti, au u katika kompyuta? Na wazazi wake wauliza swali jingine, ambalo kwetu sisi ndilo kubwa zaidi: je, zile picha na sauti za jamaa zetu zilizomo humo zi salama?

Twawaomba wazee wasiufunue ukurasa wa pili kwa kudhani kuwa haya ni mambo ya watoto. Kompyuta ya nyumbani siku hizi ndilo kasha la jamaa. Humo mna arusi za mabinti, sauti za mabibi waliokwisha tangulia mbele ya haki, vyeti vya shule, na khati za viwanja zilizopigwa picha. Mwenye kasha yampasa ajue ni kitu gani kiwezacho kuliharibu.

Tuanze na maana ya jambo lenyewe. Kuongeza mwendo si kuimiminia kompyuta umeme ikapata nguvu, kama wadhanivyo wengine. Kompyuta hufanya kazi zake kwa mapigo. Mna ndani yake saa ndogo ipigayo mamilioni ya mapigo kwa sekunde moja, na kila kiungo hulifuata pigo hilo kama wapiga makasia wafuatavyo sauti ya mwenye kuwaongoza. Baina ya pigo na pigo kila kiungo kina sehemu yake ya hesabu, nayo lazima iwe imekwisha kabla ya pigo lifuatalo. Mwenye kuongeza mwendo huyasogeza mapigo yakaribiane. Viungo vikiwahi, kazi huenda mbio. Kiungo kimoja kikichelewa, jibu lake huchukuliwa likiwa halijakamilika. Na hapo kompyuta haisemi kuwa haijui, bali hutoa jambo la uongo kwa sauti ile ile iliyokuwa ikitolea la kweli.

Majibu ya jumla hayamfai mtu, kwa hivyo tutachukua prosesa moja mashuhuri iwe ndio mfano wetu: Core 2 Quad Q6600 ya kampuni ya Intel, iliyotoka Januari 2007, ambayo hata leo yakutikana katika kompyuta kuukuu. Ubao mama huipa mapigo 266 megahezi, nayo huyazidisha mara 9, yakafika 2.4 gigahezi. Mtu akiyapandisha mapigo ya ubao hadi 333, na kizidisho kikabaki 9 vile vile, prosesa huenda 3.0 gigahezi. Amepata robo nzima ya mwendo wala hakutoa senti. Mambo haya si mapya. Mwaka 1998 Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A, ya 300 megahezi. Watu wakayabadilisha mapigo ya ubao kutoka 66 hadi 100, na kwa kizidisho chake cha 4.5 ikaenda 450. Tangu siku hizo vijana hawakulala.

Lakini mapigo ya ubao hayaendi kwa prosesa peke yake. Kumbukumbu ya ramu huyafuata, na chipu iliyo daraja baina ya prosesa na ramu huyafuata pia. Aliyedhani amempiga kiboko punda mmoja, amewapiga wote waliofungwa naye, na huenda aliyechoka kwanza si yule aliyemkusudia.

Kisha kuna joto. Mapigo yakikaribiana sana viungo huchelewa, na dawa wanayoitumia wengi ni kupandisha volteji ili viungo vifanye upesi. Dawa hiyo ina gharama. Umeme unaoliwa na prosesa hukua sawa sawa na mwendo, lakini kwa volteji hukua kwa mraba wake. Kijana aliyeongeza mwendo kwa robo, na akapandisha volteji kutoka 1.25 hadi 1.40, na apige hesabu hii: 1.40 gawanya kwa 1.25 ni 1.12, mraba wake ni kama 1.25, zidisha tena kwa 1.25 ya mwendo, utapata kama 1.57. Robo moja ya mwendo imenunuliwa kwa zaidi ya nusu ya joto. Na prosesa hii ilikuwa na matoleo mawili: la kwanza, liitwalo B3, kikomo cha joto juu ya kifuniko chake ni digrii 62.2, na la baadaye, G0, ni digrii 71. Mwenye B3 aliyefuata mashauri ya mwenye G0 ameanza safari akiwa nyuma kwa digrii 9.

Hapa pana jambo ambalo vijana wetu wa pwani hulisahau. Mashauri mengi ya kuongeza mwendo yameandikwa na watu wa nchi za baridi, wenye vyumba vya digrii 20. Chumba cha Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari chaweza kufika digrii 32. Digrii 12 zile hazipotei njiani. Huingia ndani ya sanduku la kompyuta na kujiongeza juu ya kila kiungo kilichomo. Kwa hivyo mwendo uliokubali wakati wa kusi, mwezi wa Julai, wenye nyumba wakausifu, waweza kukataa kabisa unapoingia msimu wa kaskazi. Kijana huapa kuwa hakugusa kitu, naye asema kweli. Kilichogeuka ni pepo.

Sasa tuitazame video yenyewe, kwani asiyejua jinsi inavyofungwa hawezi kujua kwa nini hupasuka. Picha moja ya ukubwa wa 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Kila nukta ikiandikwa kwa baiti 3, na picha zikawa 25 kwa sekunde, saa moja ya video ingejaza kama gigabaiti 560. Faili aliyonayo kijana ni ya gigabaiti mbili au tatu tu. Imewezekana vipi? Kwa sababu picha nyingi haziandikwi nzima. Huandikwa picha moja kamili, kisha zifuatazo husema tu ni nini kilichobadilika: mkono umesogea hapa, kivuli kimehamia pale, na ukuta uache kama ulivyo. Baada ya sekunde chache huja tena picha kamili, na kazi huanza upya.

Ndiyo sababu kosa dogo huonekana kubwa. Prosesa ikikosea hesabu ya picha moja, picha zote zijengwazo juu yake hulirithi kosa lile. Ni kama mwanafunzi anayenakili kwenye ubao wa mwenzake badala ya ubao wa mwalimu. Kosa la wa kwanza huteremka mpaka safu ya mwisho, hata mwalimu aje aandike upya. Mraba wa kijani ukitokea, ukakaa, ukaburutwa na mwendo wa mtu, kisha ghafula kioo kikawa safi, fahamu kuwa picha kamili imewadia. Na mwenye kuuliza kwa nini iwe kijani: rangi za video huandikwa kwa kiasi cha mwanga pamoja na tofauti mbili za rangi, na mahali palipobaki sifuri tupu, zile sifuri zikigeuzwa kuwa rangi, hutoka kijani wala si cheusi.

Kutokana na haya twaweza kuyagawa maradhi ya video mafungu mawili, na mwenye kuyachanganya hatapona. Fungu la kwanza ni kuchelewa. Video ya picha 25 kwa sekunde huipa kompyuta sehemu 40 za elfu za sekunde kwa kila picha. Ya picha 60 huipa chini ya 17. Ikishindwa kuwahi, picha hurukwa, mwendo hukwama kwama, midomo na sauti hupishana. Lakini kila picha inayoonekana ni safi. Fungu la pili ni kukosea: miraba, rangi zisizo zake, mistari, programu kufunga yenyewe, kompyuta kujizima. Kuongeza mwendo huenda kukasaidia fungu la kwanza. Fungu la pili hukulileta kwenyewe. Na wakati mwingine hulileta hata la kwanza, kwani prosesa ya Intel ikifikia kikomo cha joto hujipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Hapo mtu aliyeongeza mwendo amebaki na kompyuta iendayo polepole kuliko ya jirani ambaye hakugusa chochote.

Basi afanyeje? Kabla ya kufungua sanduku, na achukue karatasi na kalamu. Aonyeshe video moja iliyomo ndani ya kompyuta, si ya intaneti, aandike dakika na sekunde ambayo kosa limetokea. Azime kompyuta kabisa, aiwashe, aonyeshe tena. Tumesema azime kwa makusudi, maana sehemu ya faili hubaki katika ramu baada ya kusomwa, nayo ikibaki pamoja na kosa lake, kosa litarudi pale pale likamdanganya. Afanye hivyo mara tatu. Kosa likitokea mahali pamoja mara zote, faili ndiyo yenye shaka. Na ainakili kwenye simu au kompyuta nyingine aitazame huko. Kosa likihama hama, mara dakika ya 4, mara ya 11, mara lisitokee kabisa, faili haina lawama. Maandishi hayabadiliki kila yakisomwa. Msomaji ndiye anayekosea.

Jaribio la pili ndilo ambalo vijana hulikimbia, nalo ndilo la maana: kuirudisha kompyuta katika mpangilio wa kiwanda. Na aandike kwanza mipangilio aliyoiweka, kisha aiwashe akibonyeza Delete au F2, kwa kadiri ya ubao wake, aingie katika Bayosi, achague kurejesha mpangilio wa asili. Ikiwa mwendo umezidi hata kompyuta haiwaki, na achomoe waya wa umeme, atoe ile betri ya mviringo iliyo juu ya ubao, yenye maandishi CR2032, angoje dakika chache, airudishe. Afahamu kuwa tarehe itapotea kwa kufanya hivyo. Wengi wamefadhaika kuona tovuti zote zakataa kufunguka wakadhani wameharibu kitu kingine, kumbe kompyuta yadhani ni mwaka mwingine, na tovuti zenye ulinzi huangalia tarehe.

Ikiwa miraba na kujizima vimeondoka, jawabu limepatikana wala hakuna haja ya kutafuta mchawi. Ikiwa miraba imeondoka na kukwama kumebaki, yalikuwa maradhi mawili, na la pili tutalisema hapa chini. Ikiwa vyote vimebaki, kuna kiungo kibovu au programu mbovu.

Twasikia vijana wakijitetea: lakini kompyuta yawaka, Windows yafunguka, mchezo wachezeka! Kuwaka si ushahidi. Kosa moja katika mamilioni ya hesabu halizuii kompyuta kuwaka. Watengenezao mashine hizi huipima kwa maswali ambayo majibu yake yajulikana. Programu ya Prime95, iliyotengenezwa kwa ajili ya kutafuta namba tasa za Mersenne katika mradi wa GIMPS ulioanza 1996, ina jaribio la namna hiyo: huipa prosesa hesabu nzito na kulinganisha jibu na lile lililo sahihi. Kwa ramu iko Memtest86+, ambayo huandika na kusoma kila chumba cha kumbukumbu, nayo yafaa iachwe usiku kucha. Kosa moja tu, hata likiwa moja, ni kosa. Asiseme mtu kuwa moja katika usiku mzima si kitu. Na wakati wa majaribio hayo joto litazamwe, maana yataipasha prosesa kuliko video yoyote.

Liko jaribio jingine ambalo twalipenda kuliko yote kwa wepesi wake. Windows inayo programu ndogo iitwayo certutil, ambayo huisoma faili yote na kutoa muhtasari wake kwa njia ya SHA256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Faili ikibadilika hata kwa nukta moja, mfuatano hugeuka wote. Chukua faili kubwa kuliko ramu ya kompyuta. Ikiwa ramu ni gigabaiti 4, faili iwe ya 5 au 6, ili isomwe kutoka kwenye diski kila mara. Toa muhtasari mara tano. Ikiwa mitano yote si sawa, na hali hakuna aliyeigusa faili, kompyuta hiyo haifai kuaminiwa hata kwa barua moja.

Hapa ndipo tunapofika kwenye swali la wazazi. Miraba katika video ni kosa linaloonekana, na kwa sababu hiyo ni kosa la rehema: limekujulisha. Lakini kompyuta inayokosea wakati wa kuonyesha hukosea pia wakati wa kunakili. Mtu akihamisha video ya arusi kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta hiyo, faili hupita ndani ya ramu, na tarakimu iliyogeuka humo huandikwa kwenye diski ikiwa imegeuka. Hakuna onyo litakalotokea. Kisha, kwa kuwa nakala imepatikana, huifuta ile ya kwenye simu apate nafasi. Miaka mitatu baadaye, bibi mwenye sauti ile hayupo tena, faili yafunguliwa yakatika katikati. Nani atamrudisha aisome tena?

Kwa hivyo twasema kwa mkazo: kabla ya kunakili kitu chochote cha thamani, kompyuta irudishwe kwanza katika mwendo wa kiwanda. Tumesikia watu wakipata khofu baada ya kuona miraba, wakakimbilia kununua diski ya nje na kuhamishia kila kitu usiku ule ule, na mwendo ukiwa bado umepandishwa. Khofu yao ni ya haki, lakini wamehamisha mali kwa mkono ule ule unaotetemeka. Irudishwe kwanza, ipimwe ramu, ndipo inakiliwe. Nakala ikiisha, itolewe muhtasari wa SHA256 wa faili ya asili na wa nakala, na zikilingana ndipo mtu aweza kusema ana mbili. Asifute ya asili kabla ya hapo. Na zile zilizonakiliwa katika miezi ya mwendo mkubwa, ambazo asili zake bado zimo katika simu za jamaa, zitafutwe na kulinganishwa sasa, kabla simu zile hazijauzwa.

Turudi kwenye kukwama. Mwenye Q6600 aliyerudi 2.4 akaona video za intaneti bado zachechemea, aangalie anatazama nini kabla ya kuilaumu prosesa. Video hufungwa kwa lugha mbali mbali. H.264 ilitoka 2003. VP9 na H.265 zikaja 2013. AV1 ikaja 2018. Kadi za picha za 2007, zile zilizoendelea, zilijua kufungua H.264. Hizo nyingine hazikuwako duniani zilipotengenezwa. YouTube leo hupeleka VP9 au AV1 kwa wingi, na kadi isipoijua lugha hiyo, mzigo wote humwangukia prosesa. Ziko programu ndogo za kuongeza katika kivinjari, mashuhuri yao ni h264ify, ambazo huomba video iletwe kwa H.264 pale inapopatikana. Mara nyingi hilo peke yake hutosha.

Kisha ateremke ukubwa. Picha ya 1280 kwa 720 ina nukta 921,600, ambazo ni chini ya nusu ya zile za 1920 kwa 1080. Na tulinganishe: kuongeza mwendo kwa robo huifanya kazi ya dakika 5 iishe kwa dakika 4, pamoja na joto lote tulilolitaja, kuteremsha ukubwa huondoa zaidi ya nusu ya kazi bila ya joto wala khofu. Kwenye kioo kidogo cha zamani macho hayatambui tofauti kubwa. Sisi twashangaa kuona mtu akikesha na Bayosi wiki nzima kwa ajili ya jambo ambalo lamalizwa kwa kubonyeza mara mbili.

Ikiwa miraba imebaki hata katika mwendo wa kiwanda, basi katika mipangilio ya kivinjari, au ya VLC, azime ule msaada wa kadi ya picha katika kufungua video. Kosa likiondoka, shaka iko kwa kadi au draiva yake, na huenda kadi nayo iliongezwa mwendo ikasahauliwa. Vijana hawaachi kiungo. Apige pia picha ya kioo kwa kompyuta yenyewe na kuipeleka kwenye simu: kosa likionekana katika picha ile, kwa kawaida limezaliwa ndani ya kompyuta, lisipoonekana, atazame waya na kioo.

Mengine ni ya fundi, lakini mwenye nyumba aweza kuyaona kwa macho. Kipoza joto cha asili cha prosesa hizi hushikwa kwa misumari minne ya plastiki, na mmoja ukichomoka, feni yazunguka vizuri na prosesa yaungua. Vumbi letu la pwani, likichanganyika na unyevu wa chumvi, hugandamana baina ya mabati yake. Litolewe kwa burashi, na feni ishikwe kidole isizungushwe na upepo wa kupulizia. Kapasita zilizovimba vichwa juu ya ubao hazina dawa illa kubadilishwa. Waya wa volti 12 wa pawasaplai haufai kushuka chini ya 11.4 wala kupanda juu ya 12.6. Pawasaplai yenyewe isifunguliwe na mtoto, hata kama imechomolewa, kwani hubaki na umeme ndani yake.

Limebaki neno kwa wanaouza na wanaonunua. Katika miaka ya 1990 walikuwako walaghai waliofuta maandishi juu ya prosesa wakaandika mwendo mkubwa kuliko wake, wakaziuza kwa bei ya juu, na hilo lilikuwa sababu moja ya Intel kukifunga kizidisho. Siku hizi hapana haja ya kufuta maandishi. Muuzaji huongeza mwendo katika Bayosi, humwonyesha mnunuzi nambari 3.0, na kunyamaza. Sharti za kuuziana twazijua sote, na aibu ya bidhaa hutajwa kabla ya fedha kupokewa. Mnunuzi naye aweza kujilinda: programu ya CPU-Z huonyesha jina la prosesa, ambalo kwa Q6600 husema 2.40, na chini yake mwendo iendao wakati ule. Atazame huku video yaonyeshwa, maana prosesa ikikaa bila ya kazi hujiteremsha hadi kizidisho cha 6, na nambari ndogo ile humpumbaza mtu.

Na kwa kijana ambaye baada ya yote haya bado roho yake yataka mwendo, hatumkatazi; kompyuta ni yake na udhamini wake umekwisha zamani. Na ayapandishe mapigo ya ubao hadi 300 tu, prosesa iende 2.7 gigahezi kwa volteji ile ile ya kiwanda. Ramu aiwekee uwiano wa kuibakisha chini ya kipimo kilichoandikwa juu yake, na njia ya kadi ya picha aifunge katika 100 megahezi. Apime usiku mzima kwa Memtest86+, na siku nzima kwa Prime95, dirisha likiwa limefungwa. Vitu vya jamaa vikae kwenye diski nyingine isiyounganishwa na kompyuta hiyo. Na kaskazi ikiingia, arudi 266.